Mbegu Alizokaanga Fidencia

Fidencia Tuyub hakuwa mtu wa kusemeshwa akiwa anakaanga mbegu za maboga. Kijiji kizima kilijua hilo. Ukimkuta ameliinamia kaango lake la udongo, unasimama mlangoni, unafunga mdomo, unasubiri. Mbegu zina sauti yake, alikuwa akisema. Zinaanza kupasuka moja moja, halafu zote kwa pamoja kama watoto waliofunguliwa shule, na hapo ukichelewa kuziepua zimeshakuwa chungu, na uchungu ule hautoki hata uzisage pamoja na nyanya za mkoa mzima. Mumewe, marehemu Anselmo, siku moja alimwuliza katikati ya kazi kama ameiona kofia yake. Akaulizwa kama kofia inaliwa. Alikwenda shambani kichwa wazi, na tangu siku hiyo alikuwa akitafuta vitu vyake mwenyewe.

Kwake nyama ilikuwa chakula cha sikukuu, na sikukuu zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Kilichomlisha ni mbegu na maharagwe. Asubuhi alizisaga kwenye jiwe, akachanganya na nyanya za kuchoma, giligilani na pilipili moja kali, akala na mikate ya mahindi ya moto. Jioni alikuwa na nyingine mfukoni mwa aproni, akitafuna njiani, akitema maganda. Alikuwa mtu mzima wa mvi tele, na bado alibeba mzigo wa kuni ambao vijana wa siku hizi wangeuitia gari. Majirani walimtania kwamba siku akifa hawatajua wamzike au wampande.

"Mnipande," aliwajibu. "Mtapata mboga angalau, wavivu wakubwa nyie."

Jirani yake wa karibu kabisa alikuwa Eleuteria Cauich. Nyua zao zilitenganishwa na ukuta wa mawe, na miaka mingi nyuma wanawake hawa wawili waliyatoa mawe mahali pamoja wakafanya pengo la kupitia, ili wasizunguke barabarani kila mmoja anapotaka chumvi au umbea. Kupitia pengo hilo Fidencia alipeleka chakula mwaka wa kimbunga.

Mwaka ule upepo uliyalaza mahindi yote matopeni, kuku wakafa, nguruwe wakafa. Gaspar, mtoto wa Eleuteria, ndio kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Nywele zake zikaanza kuwa nyekundu, tumbo likajaa, miguu ikavimba, akawa mtoto asiyecheza na asiyelia. Muuguzi wa zahanati alimtazama akasema mtoto hana protini mwilini, anahitaji nyama, maziwa, mayai. Eleuteria akaangua kilio pale pale. Muuguzi akaona ameomba nyota za mbinguni, akasema basi, kama hakuna, maharagwe na mbegu za maboga, zisagwe laini, kidogo kidogo, kila siku bila kukosa.

Mbegu hizo alikuwa nazo Fidencia peke yake. Zilikuwa ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko, na nusu yake ilikuwa ya kupanda msimu unaofuata. Hakuna mtu mwenye akili anayekula mbegu ya kupanda. Fidencia aliikaanga. Kila asubuhi alipita penye pengo na bakuli, akamkalisha Gaspar mapajani, akamlisha uji wa mbegu kwa kidole chake mwenyewe, maana kijiko mtoto alikikataa. Mungu hakumjalia Fidencia mtoto, na sitaki kusema alikuwa akimlisha yule kama wake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kusema hivyo. Alisema tu kwamba mtoto yule ana meno makali.

Siku Gaspar alipocheka tena, Eleuteria alimshika Fidencia mikono yote miwili mbele ya mafiga.

"Fide, huyu akikua akapata mtoto, wa kwanza utamweleka wewe. Wewe na si mwingine. Sikiliza, naanza leo kukuita komadre."

"Komadre wa nini, na mtoto hajazaliwa?"

"Komadre wa mkopo," Eleuteria akasema, wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

Ni lazima niseme neno hapa, maana ahadi hiyo si ndogo. Kwetu mtoto mchanga hulala kwenye bembea ya kamba na kubebwa mikononi, basi. Haelekwi ovyo. Msichana akifika mwezi wa tatu, kwa sababu ya mafiga matatu, na mvulana mwezi wa nne, kwa sababu shamba lina pembe nne, ndipo miguu yake inapanuliwa kwa mara ya kwanza na kupandishwa nyongani mwa mwanamke aliyechaguliwa. Anazungushwa meza, anashikishwa sindano, mwiko, penseli, analambishwa mbegu za maboga zilizosagwa ili akili yake ifunguke. Hiyo ndiyo hetzmek, na bila mbegu hakuna hetzmek. Mwanamke aliyemweleka anakuwa mama yake wa pili, na kwa wazazi na bibi wa mtoto anakuwa komadre mpaka kaburini.

Eleuteria alimwita Fidencia komadre tangu siku ile. Alimwita hivyo kisimani, kanisani, msibani Anselmo alipofariki. Watu wageni walidhani ni komadre kweli. Na Fidencia, ambaye hakuamini maneno ya wanasiasa wala ya redio, aliliamini neno hilo.

Gaspar akakua, akapata kazi mjini Valladolid, kwenye mkahawa wa Bi Nidia, ambako watalii hula mayai yaliyofungwa kwenye mikate ya mahindi na kumwagiwa mchuzi wa mbegu. Fidencia aliuonja mchuzi huo mara moja. Alisema ni rangi ya mbegu na ladha ya ukuta, na akamwomba Gaspar asimwambie tajiri wake. Gaspar akaoa msichana mpole aitwaye Landi, wakaja kukaa kwa Eleuteria, na wakapata mtoto wa kike, Zulemi.

Basi Fidencia akawa hashikiki. Alidarizi gauni jeupe jipya, maua ya boga ya manjano kifuani na kwenye pindo. Siku Gaspar alipotoka kufyeka shamba, jasho linamtiririka, akataka kuingia moja kwa moja kumtazama binti yake, Fidencia alimtimua kwa ufagio.

"Unakwenda wapi na joto hilo? Unataka kumwua?"

"Mama Fide, ni mwanangu!"

"Ndiyo maana. Oga, ukae kivulini, upoe. Jua likishuka ndipo umguse."

Kwa maana hilo nalo ni sharti letu. Aliyetoka juani au motoni hamkaribii mtoto mchanga. Joto lake humwingia mtoto, na mtoto halali, anaharisha, anachemka. Wako wanaolichukulia sharti hili kwa mzaha. Fidencia hakuwa mmoja wao, na mwenye kumjua alijua kwamba angekubali kukatwa mkono kuliko kumgusa mtoto akiwa ametoka jikoni.

Alikuwa pia na wasiwasi kuhusu goti lake la kushoto. Kuzunguka meza na mtoto nyongani si mchezo kwa mtu wa umri wake. Kwa hiyo alichuma boga la ukubwa wa mtoto, akalipandisha nyongani, akawa analizungusha meza yake uani, polepole, akiliimbia. Alidhani hakuna anayemwona. Eleuteria alikuwa penye pengo na beseni la nguo, na aliangalia kwa muda mrefu kabla hajageuka kurudi kwake kimya kimya.

Siku ya shughuli ilikuwa Jumamosi. Eleuteria alikuwa amemwambia ni jua likipinda. Asubuhi, Fidencia alikuwa ameshaoga, ameshavaa lile gauni ili kulijaribu tu, mara akasikia mbio uani.

"Komadre! Komadre wangu, njoo uniokoe, nimeaibika!"

Eleuteria alikuwa ameshika kitambaa, na ndani yake mbegu nyeusi kama mkaa.

"Hizi ni nini?" Fidencia akauliza.

"Mbegu za shughuli. Niligeuka kidogo tu kufukuza kuku."

"Umeziua, Eleuteria. Hata kuku hawatazila."

"Nitukane baadaye. Nyumbani kuna kikapu kizima cha mbegu mbichi, lakini mikono yangu imekufa, hakuna anayekaanga kama wewe. Njoo, na ulete kaango lako."

Fidencia alisita. Alitazama gauni lake, kisha akatazama jua.

"Si uliniambia mwenye kueleka asiingie jikoni leo?"

"Shughuli si mpaka jua lipinde! Wageni hata hawajaamka. Unakaanga sasa hivi, unaoga, unajilaza kwenye bembea yangu, unapoa kama maji ya kisima. Komadre, mtoto atalambishwa nini? Unga?"

Hilo la unga ndilo lililomwondoa. Alifunga aproni juu ya maua yake ya manjano, akajitwika kaango, akapita penye pengo. Hakungoja kula kwanza wala kuuliza zaidi. Alikuwa na furaha, nayo ilimfanya mwepesi wa kuamini.

Jiko la Eleuteria ni kibanda cha miti na makuti nyuma ya nyumba ya saruji. Moto ulikuwa umeshawashwa tayari. Fidencia aliona jambo hilo akalisifu moyoni. Akatandaza mbegu, akaanza kuzikoroga kwa kiganja kama alivyofundishwa na mama yake, moshi unampanda usoni, jasho linamshuka mgongoni. Eleuteria alisimama mlangoni kidogo, akaondoka. Mbegu zilipasuka moja moja, kisha zote. Aliziepua, akamwaga nyingine. Alikuwa kwenye kaango la mwisho aliposikia gari likisimama mbele ya nyumba.

Kisha milango ya gari, viti vya plastiki vikivutwa, watu wakisalimiana, na sauti ya mwanamke ikiuliza mtoto yuko wapi, jamani, aletwe. Fidencia hakugeuka. Mbegu zilikuwa katikati ya kupasuka, na hata siku hiyo hakuweza kuziacha ziungue.

Alipokuwa anaziepua Gaspar aliingia. Alikuwa amevaa shati jeupe la pasi, kola imesimama upande mmoja na kulala upande mwingine.

"Mama Fide, ziko tayari? Wanaanza."

"Wanaanza nini?"

"Kumweleka mtoto."

Fidencia alicheka, akamwendea kumwekea kola sawa kama alivyofanya tangu akiwa mdogo. Gaspar alirudi nyuma hatua mbili, mikono juu.

"Usiniguse, Mama Fide, nisamehe. Umetoka motoni, na mimi namshika mtoto sasa hivi kumpa Bi Nidia. Si wewe uliyenifukuza na ufagio?"

Mkono wa Fidencia ulibaki hewani.

"Kumpa nani?"

Gaspar akamtazama, akashangaa kuona hajui jambo ambalo yeye aliambiwa Fidencia mwenyewe ndiye aliyelitaka.

"Bi Nidia. Mama alituambia wewe umekataa, kwamba goti haliwezi kuzunguka meza, na kwamba uliomba mwenyewe ukae jikoni ukaange mbegu. Mimi nilihuzunika, Mama Fide, sikufichi. Lakini nikasema, basi, angalau mbegu ni za mkono wako. Ndizo nilizokulia, au siyo?"

"Mama yako alikwambia lini kwamba ni asubuhi?"

"Tangu Jumapili iliyopita."

Hapo Fidencia alielewa yote. Alielewa kwa nini moto ulikuwa umeshawashwa. Aliukumbuka mdomo wake mwenyewe ukilihubiri sharti la joto kwa kila mtu kijijini kwa miaka na miaka, na akaona kwamba Eleuteria hakuhitaji kumfungia mlango. Alimwita tu jikoni. Kilichomwuma zaidi ni kwamba aliitwa komadre alipokuwa akiitwa.

Angeweza kusema. Gaspar alikuwa mbele yake, mwenye sikio na mwenye moyo, na neno moja lingetosha kuivunja shughuli nzima. Lakini kwetu yale yanayotendeka mtoto anapoelekwa ndiyo anayokua nayo. Ukimweleka kwenye ugomvi umempa ugomvi. Zulemi hakuwa amemkosea mtu.

Fidencia alizisaga mbegu chache haraka kwenye jiwe, laini, akaziweka kwenye bakuli pamoja na nzima za kugawia watu. Hakumpa mkononi. Aliliweka bakuli juu ya kinu akasogea ukutani, ili Gaspar aje alichukue bila kupita karibu naye.

"Ziko vizuri?" Gaspar akauliza, akinusa.

"Umewahi kula zangu mbaya?"

Akatabasamu, akaondoka nazo.

Kutoka jikoni Fidencia alisikia kila kitu. Alimsikia Bi Nidia akiuliza, "Hivi? Au hivi?" na watu wakicheka wakimwelekeza jinsi ya kuupanua mguu wa mtoto. Alisikia viatu vya kisigino vikiizunguka meza juu ya saruji. Mtoto alilia kidogo, kisha akanyamaza ghafla, na Fidencia akajua ni saa ameonjeshwa mbegu. Aliumia mno, akakaa kwenye kigoda, akaushika ukingo wa gauni lake lenye masizi akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Watu wakapiga makofi.

Baada ya muda Eleuteria alikuja na sahani iliyofunikwa kitambaa. Mchuzi wa mbegu ulikuwa umekilowesha ukingoni.

"Komadre, umekaa peke yako huku. Kula kidogo, wamesifu sana."

Fidencia hakuipokea sahani.

"Zile ulizoniletea asubuhi kwenye kitambaa zilijaa kiganja kimoja, Eleuteria. Mtu hakaangi kiganja kimoja kwa ajili ya shughuli. Ulichoma hizo za kunionyesha."

Eleuteria aliiweka sahani chini. Alitazama mlango, akatazama moto, akakosa pa kutazama.

"Ningekwambiaje, Fide? Nilikuona unatembea uani na boga nyongani. Unaliimbia! Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Bi Nidia aliomba mwenyewe. Unamkataliaje mtu anayemlisha mwanao? Amesema Zulemi atasoma mjini, atakaa kwake, atamvisha. Mimi ni bibi yake, natakiwa nifikirie. Wewe nakupenda, unajua nakupenda. Lakini wewe ungempa nini, Fide? Mbegu?"

Neno lilikuwa limeshatoka, na Eleuteria mwenyewe alilisikia. Akaziba mdomo.

"Ndizo nilizompa baba yake," Fidencia akasema.

Kutoka sebuleni mtu alikuwa akiomba zaidi za kutafuna. Eleuteria alianza kulia, kilio cha kweli, maana hakuwa mwanamke mbaya maisha yake yote, alikuwa mbaya asubuhi hiyo moja na ikatosha.

"Usiende hivyo. Kesho tutakaanga zilizobaki, mimi na wewe, nitakaa kimya kabisa. Komadre, nakuomba. Komadre..."

"Komadre wako yuko sebuleni, amevaa viatu vya kisigino. Mimi niite Bi Fidencia, kama unavyowaita majirani wengine."

Alilikung'uta kaango, akalifunga kwa aproni kwa sababu lilikuwa bado la moto, akajitwika. Alitoka kwa mlango wa jiko, akaliona lile pengo la ukutani, na nyuma yake paa la nyumba yake, hatua chache tu. Hakupita hapo. Alizunguka ubavuni mwa nyumba akatokea mbele, kwenye gari na viti vya plastiki, kichwani kaango, maua yake ya manjano yamejaa masizi. Wageni wakamsalimia, akawaitikia.

Gaspar alikuwa mlangoni na mtoto. Uso wake uling'aa alipomwona.

"Mama Fide! Njoo basi umwone, bado ana mbegu mdomoni!"

Akamwinua Zulemi juu ili Fidencia amtazame vizuri, akaanza kushuka ngazi kumfuata. Fidencia alisimama. Aliutazama ule mdomo mdogo uliokuwa ukitafuna bila meno, akautazama kwa muda wote aliouhitaji. Kisha akavuka haraka upande wa pili wa barabara, akashika njia ndefu ya kwenda kwake, maana joto la moto lilikuwa bado halijamtoka.